Madoa Meusi ya Mwaridi

Tazama majani ya mwaridi baada ya mvua za siku nyingi. Mara nyingi utaona madoa meusi; kisha majani hugeuka manjano na kupukutika. Mwaridi usio na majani hauwezi kujitengenezea chakula, nao hudhoofika.

Madoa haya huletwa na kuvu. Viini vyake, vidogo mno, hurushwa na matone ya mvua kutoka jani hadi jani. Jani likikaa na maji kwa muda wa saa 7 hivi, viini huota. Likikauka mapema, haviwezi kuota.

Kwa hiyo, katika bustani ndogo panda miwaridi mifupi ya aina inayostahimili ugonjwa huu. Acha nafasi ya sentimita 50 kati ya mche na mche, upepo upate kukausha majani. Mwagilia maji shinani tu. Majani yaliyoanguka yaokote, uyachome moto, kwani kuvu huendelea kuishi humo.