Jeni ya Bandani Iliyofika Wodini

Mwaka 2013, katika shamba moja la nguruwe mjini Shanghai, watafiti wa China walimkuta nguruwe akiwa na bakteria wa E. coli asiyeuawa na kolistini. Habari hiyo ilistahili kuwatisha madaktari. Kolistini ilianza kutumika miaka ya 1950, ikawekwa kando kwa sababu huumiza figo, kisha ikarejeshwa hospitalini baada ya antibiotiki nyingine kuanza kushindwa. Kwa baadhi ya wagonjwa mahututi, ndiyo dawa ya mwisho iliyosalia kabatini.

Matokeo yalichapishwa Novemba 2015. Usugu huo ulitokana na jeni iliyopewa jina mcr-1, nayo hubadilisha ngozi ya nje ya bakteria hivi kwamba kolistini inakosa pa kushika. Lakini kilichoshtua zaidi ni mahali ilipokaa: kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria humpa bakteria mwenzake, hata wa jamii nyingine, kama jirani anayemchongea jirani nakala ya ufunguo. Usugu wa kolistini uliojulikana kabla ya hapo ulirithiwa na vizazi vya bakteria yuleyule tu.

Kati ya sampuli 523 za nyama mbichi ya kuku na nguruwe ambazo watafiti hao walizipima, 78 zilikuwa na jeni hiyo. Kwa nguruwe waliopimwa machinjioni, ilikutwa kwa 166 kati ya 804. Kwa wagonjwa 1,322 waliolazwa, ni 16 tu. Tofauti hiyo iliwaelekeza watafiti bandani.

Huko bandani, kolistini ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula ili mifugo inenepe haraka. Dozi ndogo ya kila siku huua bakteria dhaifu na kuwaachia sugu nafasi ya kuzaana. Ni matumizi mabaya ya dawa inayookoa maisha, na mfugaji wa kuku yeyote anayetia antibiotiki kwenye maji ya vifaranga wazima, iwe Dar es Salaam au Nairobi, anafungua njia hiyohiyo.

Jikoni, moto huua bakteria hawa, sugu na wasio sugu. Hatari iko kwenye mikono, kisu na ubao uliokatiwa kuku mbichi, kisha ukakatiwa nyanya za kachumbari bila kuoshwa kwa sabuni.

China ilipiga marufuku kolistini ya kunenepeshea mifugo kuanzia mwisho wa Aprili 2017. Uzalishaji wa mchanganyiko wa kolistini wa kutia kwenye chakula cha mifugo ulishuka kutoka tani 27,170 mwaka 2015 hadi tani 2,497 mwaka 2018. Usugu katika E. coli wa nguruwe ukapungua kutoka asilimia 34 hadi 5.1. Hata kwa binadamu nafuu ilionekana: waliobeba bakteria wenye mcr-1 walikuwa asilimia 14.3 ya waliopimwa mwaka 2016, na asilimia 6.3 mwaka 2019.