Ndewe Iliyochanika: Ulipie Nini, Uache Nini

Mara nyingi herini nzito haichani sikio kwa siku moja. Tundu hushuka polepole, likawa ufa, hadi siku mtoto anavuta au mtandio unanasa, ndewe ikagawanyika pande mbili. Wengine huporwa herini barabarani. Na wapo Wamaasai na Wasamburu ambao ndewe zao zilitanuliwa tangu utotoni kwa mila, na sasa, kwa sababu zao wenyewe, wanataka zishonwe. Wote hufika kliniki na swali moja: ni shilingi ngapi? Swali ni la haki, ila bei haina maana mpaka ujue tatizo lako ni lipi kati ya haya.

Sikio lililochanika leo lishonwe leo. Kingo zake bado ni mbichi na zitashikana. Hospitali ya wilaya inaweza kulisafisha, kupiga ganzi, kushona na kukuchoma sindano ya pepopunda. Kama umeporwa, chukua fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya, maana hilo ni jeraha la shambulio na ni vizuri liandikwe hivyo. Bima nayo kwa kawaida hulihesabu kuwa jeraha. Ukikaa nyumbani wiki kadhaa ukisema litajifunga, ngozi hukua juu ya kila ukingo, na pande mbili zinapona kila mmoja kivyake. Hapo kushona kunahitaji kwanza kukata ngozi hiyo mpya, na kazi inaingia kwenye fungu la urembo, ambalo bima nyingi, za umma na za binafsi, hazilipi. Sikio ni lilelile; gharama ndiyo imehamia mfukoni mwako. Inaniuma kuona watu wakipoteza nafasi hii kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Ngozi hiyohiyo ndiyo sababu gundi haifai. Hata ukimwaga chupa nzima ya supaglu, ngozi iliyokwisha kupona haishikani na nyingine. Utaambulia kuungua na usaha. Wapo madaktari wanaotumia asidi ya trikloroasetiki kuchubua tundu lililorefuka ili lijifunge, kwa kurudia mara kadhaa. Mikononi mwa daktari ni njia inayojulikana, ingawa inaweza kuacha doa. Mikononi mwa muuza vipodozi ni hatari, na nakuomba usiijaribu.

Kama tundu limerefuka lakini halijafika ukingoni, chaguo la bei ndogo ni kutofanyiwa upasuaji kabisa. Vaa herini nyepesi, weka kizibo kipana nyuma, au bandika plasta ndogo za ndewe zinazobeba uzito. Plasta hizo hazizibi tundu, lakini zinalizuia kuendelea kushuka. Kwa mtu ambaye hasumbuliwi na mwonekano wake, ningeshauri aishie hapo na pesa yake aitumie kwingine.

Ikiwa ufa umefika chini, basi ni kisu. Ndewe haina gegedu, ni ngozi na mafuta tu, ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa ganzi ya sindano, kwa kawaida ndani ya saa moja, ukarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hivi. Tofauti kati ya mshonaji na mshonaji huonekana baadaye. Mshono ulionyooka, kovu likisinyaa, unaweza kuvuta ukingo juu na kuacha pengo dogo chini ya ndewe. Mshono wa pembepembe huchukua muda na ustadi zaidi, lakini hulinda umbo. Muulize daktari atashona vipi, na akuonyeshe picha za kazi zake. Kama hataki kuulizwa, nenda kwingine.

Daktari wa masikio, pua na koo anaweza kuifanya kazi hii, na daktari wa upasuaji wa kawaida pia, lakini bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile ndiye mwenye mazoea zaidi. Mabingwa hao wapo katika hospitali kubwa za umma kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Kenyatta jijini Nairobi. Huko bei huwa ya chini kuliko binafsi, lakini utasubiri, kwa kuwa mgonjwa wa moto au wa saratani atatangulia, na anastahili. Ukichagua kliniki binafsi, hakikisha kwanza jina la daktari limo katika rejista ya baraza la madaktari la nchi yako.

Kisha linganisha jumla, usilinganishe tangazo. Chukua mfano wa kubuni: kliniki ya kwanza inakutajia shilingi 250,000 na ya pili 400,000. Ya kwanza ni bei ya sikio moja, bado kumwona daktari 40,000 na kutoa nyuzi 20,000. Masikio mawili yatakugharimu 560,000. Ya pili imejumlisha yote. Omba maandishi yanayotaja ganzi, chumba cha upasuaji, dawa na kurudi kuonwa.

Swali kubwa kuliko yote kwetu watu weusi ni keloidi, kovu linalovimba na kutambaa nje ya jeraha. Ndewe ni mahali linapopenda kuota, na huweza kujitokeza miezi mingi baada ya nyuzi kutoka. Likikatwa tu bila tiba nyingine, hurudi mara nyingi mno: tafiti hutaja asilimia 45 hadi 100. Tiba yake ni sindano za triamsinoloni kila baada ya wiki kadhaa, pamoja na herini maalumu za kubana zinazovaliwa kwa miezi. Gharama hiyo inaweza kuipita ya upasuaji wenyewe. Kama wewe au nduguyo wa damu ana keloidi, sema kabla ya kisu, na uulize: likiota, nani atalipa? Wanaotoka Marekani, ambako sikio moja hugharimu dola mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja, na kuja kushonwa nyumbani wakati wa likizo, wapange nani atawaangalia wakisharudi.

Ndewe zilizotanuliwa ni kazi nyingine. Tundu dogo la kijana wa mjini linaweza kusinyaa lenyewe akiacha vizibo kwa miezi kadhaa, kwa hiyo asubiri kabla ya kulipa. Ndewe inayoning'inia, ile ambayo wengine huikunja juu ya sikio, haisinyai: daktari hupunguza nyama na kuunda ndewe upya, na bei hupanda kulingana na kazi.

Ukitaka kutoga tena, subiri miezi mitatu hivi, utoge pembeni mwa kovu wala si juu yake, na umuulize daktari mapema kama kutoga kumo ndani ya bei.