Kidato cha tano si mwaka wa kupumzika: Arua na Koboko katika mbio za UACE

Mwanafunzi anayeanza kidato cha tano mjini Arua au Koboko huambiwa kwamba ana miaka miwili ya kujiandaa kwa mtihani wa UACE. Kalenda haisemi hivyo. Matokeo ya UCE, mtihani wa kidato cha nne, hutoka Februari. Shule huchagua wanafunzi, wazazi hutafuta karo, na masomo huanza karibu Machi, wakati madarasa mengine yamekwisha kusoma wiki kadhaa. Mwaka unaofuata, muhula wa tatu wa kidato cha sita hukatwa na mtihani wenyewe, unaoanza Novemba. Kinachobaki katikati ni mihula mitano na kidogo.

Katika mihula hiyo, ile ya kidato cha tano ndiyo inayopotea kwa urahisi. Kijana ametoka kwenye mtihani mkubwa na likizo ndefu. Mwisho wa mwaka hakuna mtihani wa taifa unaomngoja. Walimu nguvu zao wameziweka kwa watahiniwa wa kidato cha nne na cha sita. Mwanafunzi hujiambia kwamba bado mapema. Ikifika Julai au Agosti ya mwaka wa pili, mitihani ya majaribio, ile inayoitwa moko, humkuta na madaftari ya mwaka wa kwanza yenye kurasa tupu.

Kwa West Nile gharama ya kuchelewa huko ni kubwa kuliko sehemu nyingi za Uganda. Arua iko karibu kilomita 500 kutoka Kampala, na Koboko iko mbele zaidi, pale Uganda inapokutana na Kongo na Sudan Kusini. Mwanafunzi wa Kampala aliyeteleza anaweza kupata kituo cha masomo ya ziada mtaa wa pili. Wa Koboko akiteleza, mara nyingi anachobaki nacho ni shule yake, mwalimu wake na daftari lake.

Hesabu ya alama

Mtihani wa UACE, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, UNEB, una hesabu ambayo familia nyingi huijua siku ya matokeo, ilhali ilipaswa kujulikana siku ya kwanza ya kidato cha tano.

Kwa utaratibu uliozoeleka, mtahiniwa hufanya masomo makuu matatu, karatasi ya maarifa ya jumla iitwayo General Paper, na somo dogo moja, ama hisabati ndogo ama TEHAMA. Katika somo kuu, A ni alama 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3 na E ni 2. Daraja la O ni alama 1, na F haina kitu. General Paper na somo dogo hutoa alama moja moja kwa aliyefaulu kwa kiwango kinachotakiwa. Aliyepata yote ana alama 20. Kwa kawaida, mlango wa chuo kikuu hufunguka kwa aliyefaulu angalau masomo makuu mawili katika mtihani wa mwaka mmoja.

Lakini kufunguka kwa mlango hakumaanishi kupata kozi unayoitaka. Vyuo vikuu vya umma huzipima upya alama hizo kulingana na kozi. Somo la lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, linalohusiana nayo huzidishwa kwa 2, linalofaa kuwa nalo huzidishwa kwa 1, na mengine huzidishwa kwa nusu.

Chukua wanafunzi wawili wanaotaka kusomea udaktari, wote wakiwa na fizikia, kemia na biolojia. Kwa kozi hiyo biolojia na kemia ni masomo ya lazima, na fizikia ni somo linalohusiana. Wa kwanza amepata B katika biolojia, C katika kemia na E katika fizikia. Wa pili amepata E katika biolojia, C katika kemia na B katika fizikia. Ukijumlisha kwa njia ya kawaida, kila mmoja ana alama 11 za masomo makuu. Ukipima kwa kozi, wa kwanza ana 15, 12 na 4, jumla 31. Wa pili ana 6, 12 na 10, jumla 28. Madaraja ni yale yale, lakini yamekaa mahali tofauti. Pengo la alama tatu linatosha kabisa kumtoa mtu kwenye orodha.

Somo la hesabu hii ni kwamba mwanafunzi anapaswa kujua kozi anayoilenga akiwa kidato cha tano, ili ajue ni somo gani la kulipa saa nyingi zaidi. Anayesubiri matokeo ndipo achague kozi hujikuta anachaguliwa na alama.

Kombinesheni hailingani na sifa

Kosa la kwanza hutokea kabla hata ya kufungua daftari, nalo ni kuchagua kombinesheni kwa sababu ya sifa. Kijana aliyepata daraja nzuri katika fizikia ya kidato cha nne hupelekwa fizikia, kemia na hisabati kwa sababu mjomba anataka mhandisi katika ukoo. Fizikia ya kidato cha tano inahitaji hisabati nyingi kuliko ile aliyoizoea, na katikati ya muhula wa kwanza dalili huonekana. Shule nyingi huruhusu kubadilisha kombinesheni katika wiki za mwanzo. Anayeona aibu kubadilisha Aprili hulipa Novemba ya mwaka wa pili.

Kizazi cha sasa kina jambo jipya la kuzoea. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, unaopima umahiri badala ya kukariri, ulianza kidato cha kwanza mwaka 2020. Kundi lake la kwanza lilifanya UCE mwaka 2024 na kuingia kidato cha tano mwaka 2025, huku mtaala wa ngazi ya juu ukirekebishwa ili uendane na walikotoka. Wanafunzi hawa wamezoea miradi, kazi za vikundi na kueleza mambo ya maisha ya kila siku. Hiyo ni nguvu. Hata hivyo, vitabu vya zamani na maswali ya miaka iliyopita, ambavyo kaka na dada zao walivitegemea, haviwatoshi tena. Swali la zamani bado linafundisha maudhui, lakini mwanafunzi anapaswa kujizoeza kulitumia jibu katika hali mpya, na hilo halijifunzi kwa wiki mbili za mwisho.

Taa, maabara na karo

Kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa ya umeme. Mkoa ulitegemea jenereta na kituo kidogo cha maji cha Nyagak, chenye megawati 3.5. Vizazi vya wanafunzi wa Mvara, Ombaci, Muni Girls na shule za Koboko vilisoma usiku kwa taa ya mafuta, baadaye kwa sola. Mwaka 2024 mkoa uliunganishwa na gridi. Hatua hiyo ni kubwa, ingawa waya kupita barabarani si sawa na taa kuwaka darasani au nyumbani kwa mwanafunzi wa kutwa. Shule yenye umeme wa uhakika inaweza kupanga saa mbili za masomo ya jioni tangu kidato cha tano. Isiyo nao inapaswa kuzitafuta saa hizo alfajiri na mchana.

Maabara ni jambo jingine. Masomo ya sayansi hupimwa pia kwa mazoezi ya vitendo, na mkono haujifunzi kwa kusoma. Mwanafunzi aliyeshika bureti mara ya kwanza katika kidato cha sita atamwaga tindikali na muda pamoja. Pale ambapo vifaa ni vichache, kundi dogo la kidato cha tano linaloingia maabara kila wiki kwa zamu hupata zaidi kuliko darasa zima linalojazana humo mwezi mmoja kabla ya mtihani.

Halafu kuna karo. Kwa miongo mingi tumbaku ndiyo iliyosomesha watoto wengi wa mkoa huu. Leo familia nyingi zinategemea mihogo, ufuta, bodaboda na biashara ya mpakani, na mapato hayo hayaji kwa kufuata mihula ya shule. Mwanafunzi akirudishwa nyumbani wiki mbili kila muhula kwa sababu ya karo, katika kidato cha tano peke yake amepoteza wiki sita. Mzazi anayezungumza mapema na shule kuhusu kulipa kidogo kidogo humwokolea mtoto wake muda ambao hauwezi kununuliwa tena.

Watoto wa mipaka mitatu

Barabara ya lami ya Vurra hadi Oraba, inayopitia Arua na Koboko, ina urefu wa takriban kilomita 92. Inaanzia kwenye mpaka wa Kongo na kuishia kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Wakakwa wanaishi pande zote tatu, na katika madarasa ya Koboko hukaa watoto waliozaliwa ng'ambo ya mipaka hiyo. Wengine ni wakimbizi kutoka makazi ya Lobule, na upande wa kusini zaidi kuna Rhino Camp na Imvepi.

Kwa hawa, maandalizi yana hatua ya ziada. Aliyemaliza masomo nje ya Uganda anahitaji vyeti vyake vilinganishwe na UNEB kabla ya kusajiliwa. Jina lililoandikwa kwa Kifaransa kwenye cheti kimoja na kwa Kiingereza kwenye kingine linaweza kumkwamisha. Kazi hiyo ifanywe kidato cha tano, kwa sababu usajili wa watahiniwa hufanyika mapema katika mwaka wa kidato cha sita, na ofisi haiangalii nani alikuja kwa miguu kutoka wapi.

Kwa upande mwingine, vijana hawa wana hazina. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kongo mwaka 2022. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, kwa nia ya kurahisisha utambuzi wa vyeti na uhamaji wa wanafunzi. Kijana anayezungumza Kikakwa, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa kidogo ana kitu ambacho wenzake wa miji mikubwa hulipia. Kiswahili chenyewe kinafanywa kama somo kuu katika UACE. Tangu Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilipoamua lugha hiyo ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, mahitaji ya walimu wake yako wazi.

Milango iliyopo

Serikali hufadhili takriban wanafunzi 4,000 kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma. Sehemu kubwa huchukuliwa kwa ushindani wa taifa zima, na sehemu ndogo hugawanywa kwa wilaya, utaratibu ulioanza mwaka 2005, mwaka ule ule Koboko ilipokuwa wilaya. Anayelenga nafasi ya wilaya hushindana na wenzake wa nyumbani, lakini karatasi zake za uthibitisho zinapaswa kuwa safi mapema. Wasichana huongezewa alama 1.5, nyongeza iliyoanza Makerere mwaka 1990. Kwa wasiopata ufadhili kuna mikopo ya bodi ya ufadhili wa elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014.

Si lazima kwenda mbali. Chuo Kikuu cha Muni, cha umma, kilianzishwa Arua mwaka 2013, na kinafundisha teknolojia ya habari, ualimu wa sayansi na uuguzi. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tano, ziara ya siku moja hapo inaweza kumwonyesha sura ya jambo analolisomea. Anayetaka sheria Makerere ajue kwamba kuna mtihani wa kuingia unaopima Kiingereza, maarifa ya jumla na uwezo wa kufikiri. Maandalizi yake ni yale yale ya General Paper, karatasi ambayo wengi huidharau: kusoma magazeti, kuandika insha moja kila wiki na kumpa mtu aikosoe.

Kazi ya mwaka wa kwanza inaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Muhula wa kwanza, thibitisha kombinesheni na uandike kozi tatu unazozilenga pamoja na masomo yake ya lazima. Muhula wa pili, maliza mada ulizofundishwa kabla ya likizo, na uunde kundi la watu wanne au watano la kujadiliana. Muhula wa tatu, jipime kwa saa kamili, bila daftari, kama vile ni mtihani. Likizo ya Desemba hadi Februari ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo ya mwisho ya namna hiyo kabla ya UACE. Nusu yake ikitumika kurudia mada za kidato cha tano, mwanafunzi ataingia kidato cha sita akiwa na mwaka mmoja wa kazi mbele yake, badala ya miwili iliyobanwa ndani ya mmoja.