Pedali Mbili, Klachi Iliyojificha: Tahadhari kwa Wanunuzi wa Magari ya Spoti

Mwaka uliopita kijana mmoja wa ukoo wetu alinunua gari dogo la spoti lililotoka Japani, Toyota MR-S, lenye viti viwili na paa la turubai. Sehemu ya fedha ilikuwa akiba yake. Sehemu kubwa zaidi alikopeshwa na baba yake kutoka katika kiinua mgongo. Muuzaji alimwambia maneno matatu tu: "Hili ni otomatiki." Kijana akainama chini ya usukani, akaona pedali mbili, ya breki na ya mafuta, akaridhika.

Miezi minne baadaye gari lilikataa kupanda kinyumenyume mwinuko wa kuingilia nyumbani kwao Kimara. Injini ilinguruma, harufu ya kuungua ikaenea hadi barazani, na gari likabaki limeikata njia ya mtaa huku bodaboda na bajaji zikipiga honi. Majirani ndio waliolisukuma. Jioni ile baba na mwana hawakula pamoja.

Tumepewa idhini na wenyewe kuisimulia habari hii, nasi tunaisimulia kwa sababu kosa lililotendeka ni la kutojua, na kutojua huku kunaweza kumpata yeyote kati yetu.

Gari lile halikuwa otomatiki kwa maana tuliyoizoea. Katika otomatiki ya kawaida, nguvu ya injini hupita katika mafuta kabla ya kufika kwenye giaboksi. Mfano wake ni feni mbili zilizotazamana: moja ikizunguka, huisukuma ya pili bila kugusana nayo. Ndiyo maana otomatiki husimama kwenye foleni ikiwa kwenye gia na hakuna kinacholika.

MR-S yenye mfumo uitwao SMT, ulioanza kuwekwa katika gari hilo mwaka 2000, imejengwa vingine kabisa. Ndani yake mna giaboksi ya gia za mkono na klachi kavu yenye sahani moja, kama ile ya gari lolote lenye pedali tatu. Kilichoondolewa ni pedali tu. Mahali pa mguu wa dereva pamewekwa pampu ya umeme inayosukuma mafuta ya haidroliki kwa shinikizo kubwa, tungi dogo la kuhifadhi shinikizo hilo, vali, sensa, na kompyuta inayoamua lini klachi ishikwe na lini iachiwe. Dereva hugusa kitufe kwenye usukani au husukuma mkono wa gia. Kazi nyingine hutendwa na mitambo.

Ubunifu huu ulitoka katika mashindano. Mwaka 1989 timu ya Ferrari ilipeleka Brazil gari lililobadilishwa gia kwa vidole nyuma ya usukani, na Nigel Mansell akashinda nalo katika mbio zake za kwanza kabisa. Mwaka 1997 Ferrari ikauweka mfumo wa namna hiyo katika gari la barabarani, F355. BMW, Alfa Romeo, Maserati na Lamborghini nao wakawa na yao. Faida ilikuwa dhahiri: gia hubadilika upesi, na mikono ya dereva haiachi usukani.

Lakini barabara ya mashindano haina foleni ya Ubungo, na hapo ndipo panapoanza dhara. Mengi ya magari haya hayajongei yenyewe dereva anapoachia breki. Basi dereva aliyezoea otomatiki hugusa mafuta kidogo, gari likasogea hatua mbili, akasimama. Akagusa tena, likasogea hatua tatu. Kila mguso huifanya sahani ya klachi isuguane na chuma cha flaiwili kabla ya kushikana barabara. Msuguano huleta joto, na joto huila sahani. Mabaya zaidi ni kulizuia gari lisirudi nyuma mlimani kwa kukanyaga mafuta badala ya breki. Aliyejifunza udereva wa gia za mkono anakijua kitendo hicho kwa jina la kubalansi, na anajua kwamba mwalimu hakumruhusu akae nacho muda mrefu. Dereva wa gari hili hubalansi kutwa nzima bila kujua, kwa kuwa mguu wake hauisikii klachi.

Kurudi nyuma kupanda mlima ndio mtihani mkubwa kuliko yote, kwa kuwa gari huenda polepole mno na klachi husuguana karibu njia nzima. Kijana wetu alifanya hivyo kila jioni, ili asubuhi atoke kwa urahisi.

Dalili zilikuwapo. Gari lilitetemeka wakati wa kuondoka. Injini ilipandisha mizunguko lakini mwendo haukuongezeka. Harufu iliyofanana na ya breki zilizoungua ilimfuata kila alipotoka mjini, naye akadhani ni ya lori lililokuwa mbele yake.

Haikuishia hapo. Injini ya MR-S ni 1ZZ, ile ile tunayoikuta katika Toyota Wish na Allion za ujazo wa lita 1.8, na kwa sababu hiyo fundi wa kwanza aliliona gari kama la nyumbani. Injini hiyo hapa imewekwa nyuma ya viti. Aliishusha giaboksi kwa taabu, akafunga klachi mpya, akalipwa. Siku ya pili gari likawa linaruka kama punda aliyechokozwa, kisha taa ya onyo ikawaka na gia zikakataa kuingia. Baba akaitwa tena kutoa fedha.

Fundi wa pili, mwenye kompyuta ya uchunguzi, hakugusa spana kwa saa nzima ya kwanza. Alieleza kwamba kompyuta ya gari huhifadhi kumbukumbu ya mahali hasa klachi inapoanza kushika. Sahani inavyolika, mahali hapo husogea, na kompyuta huenda nayo. Ikifungwa sahani mpya, ni lazima mfumo ufundishwe upya. Pasipo hivyo huifuata klachi iliyokwisha kutupwa. Alipoufundisha, gari liliondoka kwa upole.

Alitutajia pia maradhi mengine ya mfumo huu ambayo watu huyadhania kuwa ya giaboksi yenyewe. Tungi la shinikizo likichoka, pampu hulazimika kufanya kazi kila mara hadi ikafa. Mafuta ya haidroliki yakivuja au yakiachwa miaka mingi, gia huingia kwa kusitasita. Sensa ikitoa habari za uongo, kompyuta hukataa amri ya dereva. Hata betri dhaifu huweza kuwasha taa ya onyo, kwa kuwa mfumo wote unategemea umeme. Fundi anayeanza kwa kufungua giaboksi kabla ya kupima haya humtia mwenye gari gharama isiyokuwa na sababu.

Yapo machache basi ambayo familia inapaswa kuyashika. Kwenye foleni, rudisha gia kwenye N na ukanyage breki. Acha nafasi mbele, kisha uondoke mara moja badala ya kujongea hatua kwa hatua. Mlimani, lishike gari kwa breki ya mkono, uiachie pale tu linapovuta. Ingia nyumbani kwa mbele ikiwa njia inapanda. Unapoegesha, kumbuka kwamba mengi ya magari haya hayana P: liache kwenye gia na breki ya mkono ikiwa imevutwa sawasawa, hasa penye watoto.

Na kabla ya kununua, usiulize kama gari ni otomatiki. Uliza kama lina klachi. Liwashe likiwa limepoa, usikilize pampu: ikinguruma tena na tena ilhali gari limesimama na gia haziguswi, pana tatizo. Lipandishe mlima. Dai vipimo vya kompyuta. Kwa Ferrari na Maserati za mfumo huu, kompyuta hutaja hata asilimia ya klachi iliyolika. Wala tusidhani haya ni ya magari ya fahari pekee. Suzuki Every na Carry zenye mfumo wa AGS, ambazo ni vigari vya kubebea mizigo ya duka, nazo zina klachi iliyojificha vivyo hivyo.

Tumalizie pale tulipoanzia. Gari lilipopona, kijana alitaka kuliuza upesi. Pampu ilikuwa imeanza kuchoka, fundi alikwisha kumwambia, na mteja alikuwa amepatikana. Baba yake alimwita barazani, nasi tulikuwapo.

"Mwanangu," alisema, "aliyekuuzia alikuambia maneno matatu. Wewe utamwambia mwenzio mangapi?"

Kijana alijibu kwamba akisema yote, bei itaanguka na deni la baba halitalipika.

"Deni langu linaweza kungoja," mzee akasema. "La huyo usiyemjua halingoji."

Hukumu ya jambo hili wanazuoni wa fiqhi wameieleza bayana: muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake analazimika kuitaja, na mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kuirudisha. Hatukuhitaji kumkumbusha kijana. Aliandika kila kitu katika karatasi moja: klachi mpya na tarehe yake, mfumo uliofundishwa upya, pampu iliyochoka. Mteja wa kwanza aliisoma, akaaga. Wa pili aliisoma mara mbili, akamleta fundi wake, akatoa bei iliyo chini sana ya ile iliyotarajiwa, akalichukua.

Kijana sasa anapanda daladala kutoka Kimara, na kila mwisho wa mwezi humpelekea baba yake fungu la deni. Wanakula pamoja. Na yule aliyenunua gari, tumesikia, hulirudisha kwenye N kila anaposimama kwenye foleni.