TUWAPELEKE WATOTO KILWA KISIWANI

Wengi wetu hudhani matembezi ni ya watalii tu. Sivyo. Kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani ni kama kilomita 2 kwa mashua. Baba, mama na watoto waweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kibali cha kuingia magofuni hupatikana hukohuko Masoko.

Kwanza tutazame chombo. Kikijaa watu, tungoje kingine, hata nahodha akisema, "Pandeni tu!" Kila mtoto avae jaketi la kujiokolea.

Kisiwani tutauona Msikiti Mkuu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Msafiri Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331, akausifu. Siku hizo dhahabu ya Sofala ilipitia hapa, na Kilwa ilikuwa na sarafu zake za shaba. Si hadithi hizo!

Watoto wataokota vigae vya vyombo. Tuwaambie wavirudishe palepale. Mtaalamu hukisoma kigae pale kilipolala. Kikihamishwa, habari yake imepotea. Magofu haya yalikwisha kuponea chupuchupu: mwaka 2004 UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yakatengenezwa, na mwaka 2014 yakatolewa humo.