Kikohozi: mwambie munganga yote



Wagonjwa wengi wanaingia katika dispanseri na neno moja tu: "Munganga, mwili hauko muzuri." Kisha wananyamaza na kungoja sindano. Wanafikiri ya kama munganga akijua kazi yake, atavumbua ugonjwa yeye mwenyewe. Hapana! Hiyo ni kazi ya mulaguzi. Munganga wa hospitali anaanza kwa masikio. Kupima damu na kupiga picha ya kifua kunafuata nyuma, kisha kujua ni nini ya kutafuta.

Tutwae mufano wa kikohozi, kwa sababu ndicho kinachofichwa zaidi katika makambi.

Mutu anakohoa majuma 3. Usiku jasho linalowesha shuka, suruali inaanza kulegea kiunoni. Akifika mbele ya munganga anasema: "Ni mafua, yameanza juzi." Juu ya nini anasema vile? Anaogopa kuondolewa chini ya udongo na kukosa nyongeza ya mushahara. Woga huo siucheki, mwenye watoto 7 anajua anachoogopa. Lakini angalia matokeo. Kikohozi cha majuma 2 ao zaidi kinamwambia munganga apime makohozi, atafute kifua kikuu. Ukisema "juzi", atakupa dawa ya mafua, nawe utarudi kulala chumba kimoja na watoto wako. Kifua kikuu cha kawaida kinapona kwa dawa za miezi 6, na katika inchi yetu dawa hizo hazilipishwi. Ukichelewa, mapafu yanabaki na makovu ambayo dawa haiwezi kuondoa. Hapo ndipo kazi inapotea kweli.

Wengine wananiuliza: "Munganga hatamwambia kapita?" Sheria ya Kongo inamkataza munganga kutoa siri ya mugonjwa, na inamwazibu akiitoa. Mukubwa wa kazi anapashwa kujua neno moja tu: unaweza kufanya kazi hiyo ao hauwezi kwa sasa. Kama una mashaka, uliza wazi mbele ya kuanza kusema: "Nitakayosema yataandikwa wapi, na nani atayasoma?" Si matusi. Munganga muzuri atakujibu.

Sema tena kazi zako zote, hata zile za zamani. Mavumbi ya kutoboa na kupasua mawe yana vipande vidogo ambavyo jicho halioni. Vinashuka mpaka chini ya mapafu, vinabaki mule. Ugonjwa wake, silikozi, unaweza kuonekana kisha miaka 10 ao 20, hata kama umekwisha kuacha mashini ya kutoboa na sasa uko mulinzi wa mulango. Silikozi haina dawa ya kuiponya, na inafungulia kifua kikuu njia. Kwa hiyo mwambie munganga: "Nilitoboa mawe miaka fulani, mahali fulani, kwa maji ao bila maji." Kama ulichimba kwa mikono na wachimbaji wadogo, sema vilevile, hakuna atakayekuhukumu. Angalia aandike katika fishi yako. Siku ya kutangaza ugonjwa wa kazi kwa CNSS, maandishi hayo yatakusaidia kuliko maneno ya kinywa.

Sasa dawa. Kati ya vidonge vya kifua kikuu kuna kimoja kinachogeuza mukojo kuwa mwekundu. Mutu ambaye hakuambiwa anaona damu, anashituka, anatupa vidonge vyote chooni. Si damu, ni rangi ya dawa. Lakini macho yakiwa ya manjano, ao miguu ikichoma kama sindano, rudi upesi bila kungoja siku ya randevu. Lutuku unayokunywa siku ya mushahara, sema, kwa sababu pamoja na dawa hizo inaharibu maini. Mizizi ya mama mukwe, sema pia, hata ulete majani yenyewe mukononi. Wamama wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi, dawa hiyo ya mukojo mwekundu inavipunguza nguvu: ombeni njia ingine.

Na kama umeruka siku 5 bila kumeza, usiseme "nilimeza zote". Munganga atafikiri ya kama dawa imeshindwa, na atakupa ingine kali zaidi bila sababu.

Munganga akisema Kifaransa na hausikii, usiitike tu "oui, oui". Mwambie: "Tafazali, kwa Kiswahili." Mbele ya kutoka, rudilia maneno yake: vidonge vingapi, saa gani, mpaka siku gani. Ukikosea, atakusahihisha palepale. Kama unasahau upesi, njoo na bibi yako. Mara nyingi ni yeye anayehesabu usiku namna gani unakohoa.

Makohozi yakionyesha kifua kikuu, leteni watoto wote wa nyumba, zaidi wale wenye chini ya miaka 5. Hata kama hawakohoi, kuna dawa ya kuwakinga. Fikeni asubuhi, pamoja na fishi zao.