i5-7500 au i5-8500? Usinunue kompyuta kwa kuangalia GHz tu



Kuna dada wa Sinza Mori anauza mikoba na viatu vya kike mtandaoni. Juzi kanitumia picha mbili WhatsApp akiwa Kariakoo. Hela ya mchezo imetoka, kachoka kuhariri video za mzigo kwenye simu inayojaa kila siku, anataka kompyuta ya mezani ya mtumba. Picha ya kwanza ni Dell OptiPlex 7050 yenye prosesa ya i5-7500. Ya pili OptiPlex 7060 yenye i5-8500, imezidi laki na nusu. Akaandika: "Kaka, muuzaji anasema hii ya bei ndogo ndiyo ina spidi, 3.4, ile nyingine 3.0. Nibebe ipi?"

Muuzaji hakudanganya. i5-7500 kweli inaanzia GHz 3.4 na i5-8500 inaanzia 3.0. Ila kaishia nusu ya maelezo. Ya kwanza ina viini 4, ya pili ina viini 6. Fikiria una vijana wanne wanakufungia mzigo, jirani yako ana sita. Wako wanaweza kuwa wepesi kidogo, lakini oda zikiwa nyingi wale sita wanamaliza kwanza. Halafu kazi ikikolea, 8500 inapanda mpaka 4.1 wakati 7500 inaishia 3.8. Umeme usikuumize kichwa, zote kiwandani zimepangiwa wati 65, kwa hiyo LUKU haikusaidii kuchagua.

Kama kazi yako ni WhatsApp, Excel na kutengeneza matangazo kwenye Canva, tofauti hiyo hutaiona sana. Utaiona siku unatoa video huku umefungua kurasa kumi na tano na wateja wanauliza bei.

Sasa twende kwenye jambo ambalo mimi naliona ni zito kuliko spidi. Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya ulinzi ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na i5-7500 ni kizazi cha 7. Dukani utaikuta imewekewa Windows 11 na inawaka vizuri tu, maana mafundi wana njia zao za kuipenyeza. Lakini mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho huko mbele. Na wewe humo ndimo utakapoweka namba za wateja, akaunti ya Instagram ya biashara, pengine na benki. Akaunti yenye wafuasi uliowakusanya miaka mitatu ikiibiwa, laki na nusu utaiona ndogo.

"Basi nitachukua ya bei ndogo, nikipata hela nibadilishe prosesa." Hapana, dada. Hizi prosesa mbili ukizishika zinafanana, hata soketi jina lake ni moja, LGA1151. Lakini bodi ya 7050 haiikubali 8500. Wengi wameshanunua prosesa peke yake, wakarudi nyumbani, kompyuta haiwaki.

Kuna hali moja ningesema chukua 7500: kama ndiyo hela yote uliyonayo, kazi ni nyepesi, na ile ya 8500 ingekulazimu ukope. Tena kama 7500 ina SSD na RAM ya GB 8, na 8500 ina diski ya zamani ya kuzunguka na RAM ya GB 4, siku ya kwanza hiyo 7500 itakuwa nyepesi zaidi kuwaka na kufungua vitu. Ila SSD na RAM utaongeza baadaye kwa fundi yeyote hapa Shekilango.

Kabla hujalipa, usiamini stika ya nje, stika inabanduka. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance kisha CPU. Jina kamili la prosesa liko juu kulia, na chini utaona Cores: lazima isome 6. Angalia pia mwisho wa namba. Ikiwa ni i5-8500T, hiyo ni ya vile vikompyuta vidogo, inaanzia GHz 2.1. Si mbovu, lakini usiilipie bei ya 8500 ya kawaida. Mwambie muuzaji akuandikie jina hilo kamili kwenye risiti, pamoja na siku za warantii.

Dada wa Mori kachukua ya 8500 ikiwa na diski yake ya zamani, akaipakia kwenye bajaji mpaka nyumbani. SSD anasubiri mzunguko ujao wa mchezo.